Utelezi Nilioufuta

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mpenda samaki ni yule mwenye tangi linalong'aa. Nilifuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale weusi wenye mkanda wa njano, na wageni wa nyumbani kwetu Tabata walisifu vioo visivyo na doa. Sifa zile zilinilevya. Sikuwahi kujiuliza uchafu wa samaki huenda wapi, ilhali maji wanayochafua ndiyo hayo hayo wanayopumulia.

Tulipohamia Mbezi nilitoa maji karibu yote, maana tangi likibebwa limejaa viungo vyake huachia, na samaki nikawasafirisha kwenye ndoo zenye pampu ya hewa ya betri. Hapo nilifanya vyema. Kisha, kwa nia njema kabisa, nikasugua changarawe na sponji ya chujio kwa maji ya bomba mpaka utelezi wote ukaisha, nikavianika juani.

Baada ya siku chache samaki wakaanza kupanda juu wakitweta, matamvua yamewaiva. Nikadhani ni ugonjwa, nikatia dawa. Nikaongeza chakula wapate nguvu. Hawakukigusa, kikaoza humo humo. Mmoja akafa, na wengine wakafuata. Maji yalikuwa maangavu, ndiyo maana sikuyashuku. Usiku nilikesha mbele ya tangi, na sioni aibu kusema kwamba niliwaombea.

Nikaenda Kariakoo kwa mzee mmoja muuza samaki wa mapambo. Sikuwa mteja wake. Miaka yote nilimpita nikanunua kwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza sponji niliifanyaje. Nilipomweleza akatikisa kichwa taratibu. "Mwanangu, samaki umewahamisha. Waliokuwa wakiwatunza umewaacha."

Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Samaki hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyodhuru sana. Majini kwenyewe hawamo kwa wingi. Wanakaa kwenye sponji na changarawe, ndani ya ule utelezi wa kahawia nilioufuta. Klorini ya bomba na jua viliwamaliza. Kwa samaki wangu ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa wanafugwa kwenye maji ya alkali kama ya ziwa lao, ambako pH inakaribia 9, na kadiri alkali inavyozidi ndivyo amonia inavyokuwa kali. Bakteria hao kurudi wenyewe huchukua wiki kadhaa. Samaki wangu hawakuwa na wiki hizo.

Mzee akatoa sponji chafu kutoka tangi lake mwenyewe, akaitia kwenye mfuko pamoja na maji. Nilipotoa pesa akaurudisha mkono wangu. "Usiikamue, isikauke, na leo leo iingie majini." Sikustahili wema ule, na hadi leo namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Haikuwa nafuu ya papo hapo. Kila siku nilibadili robo ya maji, kwa maji yaliyolala ndooni usiku kucha yakipulizwa hewa ili klorini itoke, na kabla ya kumimina nikahakikisha joto lake linalingana na la tangi. Chakula kidogo, tena siku nyingine hakuna kabisa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hata baada ya sponji ile nilizika samaki mwingine. Kisha waliobaki wakashuka kutoka juu, wakaanza kuparuza mawe wakitafuta mwani, na nikalia.

Kama unajiandaa kuhama, sponji na changarawe yako visafirishe vikiwa vimelowa maji ya tangi lile lile, katika chombo kisichofunikwa kikazibwa hewa, na chujio liwe la kwanza kuwashwa mkifika. Kama umeshahama na samaki wanatweta, acha kuwalisha, badili maji, kisha mtafute mwenye tangi lenye afya umwombe kipande cha sponji. Mimi hukata cha kwangu na kumpa yeyote anayekuja.