Mfalme Alipokuja Mbele

Kutoa kafara nilijifunzia kwenye drafti, si kwenye sataranji. Kama umekulia uswahilini hapa Dar unajua: kwenye drafti kula ni lazima. Unamsogezea mwenzio kete, anakula apende asipende, kete zake zinakaa pale pale ulipozitaka, halafu wewe unakula tatu kwa mpigo. Kijiwe kizima kinalipuka.

Nikahamia sataranji na akili hiyo hiyo. Kafara nililolipenda ni lile maarufu la askofu. Mpinzani kashamficha mfalme wake pembeni, mnara ubavuni, askari watatu mbele kama ukuta. Askofu wako anamla askari wa h7 na kumpa mfalme cheki. Mfalme akimla, farasi anarukia g5, cheki tena. Akirudi alikotoka, malkia wako anatua h5, na mara nyingi mchezo umeishia hapo.

Nilipofanya mazoezi peke yangu, mfalme alirudi alikotoka kila mara. Jioni moja nikalijaribu kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Akamla askofu. Nikarusha farasi. Mzee akanywa kahawa yake taratibu, kisha akamsogeza mfalme mbele, g6. Mbele, bwana! Nikatafuta cha kumfanya, sikukiona. Nikafungwa nikiwa na upungufu wa askofu mmoja.

"Mwanangu," akaniambia, "hukunihesabia mimi. Ulijihesabia mwenyewe."

Hakujua kwamba miezi miwili kabla nilikuwa nimeacha kazi. Habari niliyoihangaikia kwa wiki kadhaa ilitupwa dakika za mwisho, nami usiku ule ule nikaandika barua. Ukweli ni kwamba sikutaka kuondoka. Nilitaka mhariri aniite, aseme kaa chini tuzungumze. Jibu lilikuja la mstari mmoja: barua imepokelewa, kabidhi vifaa vya ofisi Ijumaa. Nyumbani tulikuwa na mtoto wa miezi minne na kodi iliyobakiza mwezi mmoja. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Ulidhani watasemaje?"

Siku hizi naupitia sana mchezo wa Emanuel Lasker dhidi ya Bauer, Amsterdam, 1889. Lasker, kijana wa miaka 20, aliwatoa maaskofu wake wote wawili kuubomoa ukuta wa mfalme. Wengi huwakumbuka maaskofu hao. Mimi hukimbilia hatua ya 22. Bauer hakukaa kusubiri kufa. Alimtoa malkia wake kwa mnara, akaponea chupuchupu. Ndipo malkia wa Lasker akatua d7 kimya kimya, bila cheki, akiwatishia maaskofu wawili wa Bauer kwa pamoja. Mmoja lazima aende. Hesabu ya Lasker ilikuwa na nafasi hata ya mpinzani aliyegoma kufa. Yangu haikuwa na nafasi ya mhariri anayesema sawa.

Sasa nauza makala moja moja. Kodi inalipwa, ingawa kwa kuchelewa. Na kwa mzee bado naenda. Juzi h7 ilikaa vizuri kabisa, askofu wangu akiitazama. Nikaikodolea macho g6 mpaka kahawa ikapoa, kisha nikamwacha askofu palepale.

Nilifungwa vilevile. Ila safari hii mzee alitoka jasho.