Kula Matunda Tu Pale Same: Nani Atashika Jembe?

Ndugu msomaji, kama wewe ni Mpare mwenzangu, kaa chini kwanza. Leo naongelea kuachana na makande!

Rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani, ambaye sasa ni mwalimu huko kwetu Same, ana mpango. Anataka kaya kama kumi zikubaliane kula matunda tu, mabivu, bila kupika kitu. Hakuna kuni, hakuna mafuta, hakuna sufuria. Anasema afya zitaboreka na msitu wa Chome utapumua. Ananiomba nimpigie debe gazetini. Nimeona nianze kusema yangu hapa kibarazani, kwa sababu wa kwanza kwenye orodha yake ni mama yake mzazi, na mama huyo ana kisukari.

Wapo watakaosema ni mambo ya kizungu. Si kweli kabisa. Upareni tuna uzoefu wa watu kuungana kwa sababu ya chakula. Wamisionari Wajerumani wa Kiadventista Wasabato walifika kwenye milima yetu mwaka 1903, na mafundisho yao yaligusa hadi sahani: nguruwe hapana, pombe hapana, na matunda, nafaka na mboga ndiyo. Zaidi ya miaka 120 imepita na Wasabato bado wapo, kuanzia Mamba hadi Suji. Lakini angalia, hawakushikamana kwa sababu ya sahani peke yake. Walijenga shule, walitibu wagonjwa, walizikana. Na makande hawakuyakataza.

Sasa linganisha na Mjerumani mwingine wa enzi hizo hizo. August Engelhardt alikwenda Guinea Mpya mwaka 1902, akanunua shamba la minazi kwenye kisiwa cha Kabakon, akatangaza kwamba binadamu anapaswa kuishi kwa nazi tu. Wafuasi wachache walimfuata kutoka Ulaya. Wengine waliugua, wengine wakafa. Yeye mwenyewe alikutwa amekufa mwaka 1919, bila jumuiya aliyoiota. Kilichowaunganisha watu wake kilikuwa katazo, basi.

Tuje kwenye afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki huko. Hapo rafiki yangu ana hoja. Ila matunda hayana vitamini B12, na protini yake ni ndogo. Mtoto anayekua na mama mjamzito hawawezi kuendeshwa kwa embe na papai. Na mwenye kisukari akila ndizi mbivu na maembe kutwa nzima, sukari inapanda. Mama yule asiache dawa wala asibadili mlo kabla hajaongea na daktari wake. Hili sina utani nalo.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Mji wa Same uko upande ambao milima inauzibia mvua. Ukitoka Dar kwa basi, machungwa unayabeba Korogwe, na kadiri unavyopita Hedaru na Makanya unaona mkonge na vichaka vya miiba. Maparachichi na migomba iko juu milimani, kwenye ubaridi na maji. Embe lina msimu wake, na msimu ukiisha umeisha. Kaya kumi zikitegemea kununua matunda sokoni mwaka mzima, mshahara wa mwalimu utakwisha tarehe tano. Na mnajua Wapare tunavyosemwa kuhusu hela!

Kwa hiyo mimi naona rafiki yangu ameanzia mwisho. Wazee wetu walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja inayomhusu kila mtu. Walikuwa na ndiva, mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito usiku na kuyafungulia mashambani mchana, kwa zamu. Nyingine zinatumika hadi leo, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Ndiva ikijaa tope, watu wanatoka na majembe kuizoa. Wasipoizoa, maji hakuna. Hapo ndipo jumuiya inapozaliwa: anayekula ni yule yule aliyechimba.

Ushauri wangu ni huu. Kaya hizo kumi zianze kwa kupanda. Milimani parachichi na migomba, chini maembe kwenye mashamba yanayofikiwa na maji. Zisidharau ubuyu na ukwaju, matunda ya nchi kavu yanayokaa miezi bila jokofu, na ubuyu una vitamini C nyingi. Zikaushe maembe wakati yanaoza ovyo. Asubuhi wale matunda pamoja, mchana kila mtu na makande yake, bila kumnyooshea mwenzake kidole.

Mwembe unachukua miaka kadhaa kuzaa. Watakaobaki pamoja wakimwagilia mche usiozaa bado, hao ndio jumuiya. Nimemwambia rafiki yangu kwamba gazetini nitaandika siku mashimo yatakapokuwa yamechimbwa. Na mvua za vuli zikikaribia nitaomba likizo, nije na jembe langu.