Wepesi wa Njia Hutengenezwa

Kinachoniudhi kuhusu siku ya kwanza ya West Highland Way ni wepesi wake. Njia hiyo ya Scotland ina kilomita 154, kutoka Milngavie, kaskazini mwa Glasgow, hadi Fort William chini ya Ben Nevis, na huko mbele kuna mawe, mvua na vilima vya kumtoa mtu ulimi. Lakini kipande cha kwanza, kilomita 19 hivi hadi kijiji cha Drymen, hata bibi mwenye fimbo na mbwa anakimudu. Unashuka kwenye treni, unavuka msitu wa Mugdock, kisha unashika tuta la reli ya zamani iliyoacha kubeba abiria mwaka 1951. Na kwa kuwa treni haikupenda milima, nawe hupandi. Kilima cha Dumgoyne kinabaki mkono wa kulia, kiwanda cha wiski kiko chini yake, kondoo wanakutazama. Penye njia panda pana kigingi chenye alama ya mbigili. Hakuna geti la kulipia, wala anayekuuliza unakwenda kwa nani.

Tukiona hivyo huwa tunasema wenzetu wamejaliwa. Mungu hakuwajalia chochote zaidi ya mvua. Huko England, Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliingia kwa makusudi katika mlima wa Kinder Scout, uliofungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na watano kati yao wakafungwa jela. Sheria ya kufungua njia ndefu ilikuja 1949, na ya kwanza, Pennine Way, ikazinduliwa 1965. Scotland ilizindua yake mwaka 1980, na sheria ya ardhi ya 2003 ikampa kila mtu haki ya kupita karibu ardhi yote, mradi aheshimu nyumba za watu na mazao yao, na afunge kilango nyuma yake. Kwa hiyo ule wepesi una historia ndefu ya kesi, kura na watu wa kupiga vigingi.

Sasa njoo nyumbani. Siku nyepesi tunayo: Kilimanjaro, kutoka lango la Marangu hadi Mandara, kilomita nane hivi ndani ya msitu, mbega juu ya miti, pole pole. Ila wepesi wake umenunuliwa. Kuna kiingilio cha hifadhi, kuna kiongozi wa lazima, na kuna mpagazi anayekupita akiwa na hadi kilo 20 juu ya zile zake mwenyewe. Scotland nako mizigo hubebwa na gari kwa mwenye pesa. Tofauti ni kwamba asiye nazo naye anapita, begi mgongoni, bila kuomba ruhusa. Kule wepesi ni mali ya wote. Kwetu anaupata aliyelipa, na anayelipa kwa kawaida katoka mbali.

Nikisema nasi tuwe na njia za bure, nitaambiwa mlima ule unaingiza fedha zinazosaidia kutunza hifadhi nyingine. Ni kweli, na sidai geti la Marangu ling'olewe. Mita 5,895 si mahali pa kumwachia mtu na kandambili zake. Nitaambiwa kuna tembo na nyati. Kuna, lakini si kila mahali: kule Usambara, kati ya mji wa Lushoto na ukingo wa Irente, kuna mashamba, shule na watoto wa kukusalimia. Kwamba njia ya bure itawanyima viongozi wa wageni riziki? Milngavie hadi Fort William imejaa hoteli, migahawa na magari ya mizigo yanayoishi kwa kuwa njia ni bure. Anayetaka hadithi za Usambara bado atamtafuta mwenye kuzijua.

Pingamizi zito ni jingine: watu wetu wanatembea kila siku, na wamechoka. Mama anayefuata maji hahitaji njia ya starehe. Lakini ndiye wa kwanza kunufaika, kwa sababu tunachomnyima yeye ndicho tunachomnyima mtembezi. Njia yake ya miguu haina ulinzi. Jirani akijenga ukuta, anazunguka. Barabara ikipanuliwa, anabaki ukingoni na bodaboda. Tumekubaliana kimya kimya kwamba anayetembea ni yule aliyekosa nauli, ndiyo maana mwenye gari akionekana kwa miguu anaulizwa limeharibika wapi. Vijia vilivyokanyagwa na mababu vipo tayari, Lushoto, Uluguru na kwingineko. Halmashauri ikiviandika kwenye ramani, ikakataza kuvifunga na kuweka vigingi penye njia panda, itakuwa imeanza. Hiyo si kazi ya wafadhili. Ni ya bajeti ya wilaya na diwani anayeogopa wapiga kura wanaotembea, ambao ndio wengi.