Kiingereza cha Uwanjani na Kiingereza cha Kitabuni

Si jambo geni mzazi kumsikia mtoto wake akisema Kiingereza na wageni, akaona moyo umetulia. Mtoto ajibu salamu, aeleza habari za mpira, auliza bei dukani, tena hana haya. Baba aliyeuza mahindi na maziwa ili alipe karo huona kwamba mali yake haikupotea bure, na majirani humsifu. Halafu huja karatasi ya mtihani, na mtoto yule yule aliyekuwa akisema kama chiriku amepata alama haba katika sayansi, katika hesabu na katika jiografia. Hapo baba hushangaa. Wengine humwambia mtoto ni mvivu, wengine husema mwalimu hafai, na wengine hudai karatasi ilisahihishwa vibaya. Mara nyingi hakuna hata moja katika hayo lililo kweli. Kilichotokea ni kwamba mtoto amejifunza Kiingereza kimoja, naye ameulizwa kwa Kiingereza kingine.

Maana Kiingereza, kama lugha nyingine zote, kina sura mbili. Uwanjani msemaji husaidiwa na mikono yake, na uso wa mwenzake, na vitu vilivyo mbele ya macho. Akikosea neno, mwenzake hucheka, humsahihisha, na mazungumzo huendelea. Lakini kitabuni hakuna mkono wala uso, bali maneno peke yake ndiyo yanayobeba mzigo wote. Mtaalamu mmoja wa Kanada, Jim Cummins, alianza kuzitenga sura hizi mbili katika maandishi yake ya mwaka 1979. Ilionekana huko kwamba watoto wa wahamiaji huweza kuzungumza vizuri baada ya miaka 2 hivi, lakini huhitaji miaka 5 hadi 7, na pengine zaidi, kuwafikia wenzao katika lugha ya masomo. Tena watoto hao walikuwa wakikisikia Kiingereza barabarani, dukani na katika redio mchana kutwa. Basi mtoto wa Kitui au wa Bungoma, ambaye pengine hukisikia darasani tu, asidhaniwe kuwa amemaliza safari kwa sababu ameweza kuomba ruhusa ya kwenda nje.

Nchini Kenya jambo hili lina historia yake. Katika mwaka wa 1957 mpango mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza kujaribiwa Nairobi katika shule za watoto wa Kihindi, kisha ukaenea. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu mwanzo wa masomo. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilishauri kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali anapokaa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019, umefuata njia hiyo: Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu kwa lugha ya mahali, na kuanzia Gredi ya Nne kwa Kiingereza. Kule Tanzania shule za msingi za serikali zilianza kufundisha kwa Kiswahili mpaka mwisho mwaka 1967, hata mwanafunzi akakutana na masomo ya Kiingereza alipoingia sekondari. Kila nchi imechagua mahali pake pa kuvukia, lakini mto ni ule ule. Siku ya kuvuka, mtoto hutakiwa kujifunza lugha, na papo hapo kujifunza mambo mapya kwa lugha hiyo hiyo. Ni kama kumwambia mtu avuke mto na avue samaki kwa wakati mmoja.

Walimu watatu wa Marekani, Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, waliyapanga maneno katika madaraja matatu katika kitabu walichokitoa mwaka 2002. Daraja la kwanza ni maneno ya kila siku, kama maji, mama, kimbia na kula. Daraja la tatu ni maneno ya fani moja tu, kama majina ya sehemu za ua au ya aina za miamba. Katikati yamo maneno ambayo si ya fani yo yote, nayo ni ya fani zote: kulinganisha, sababu, matokeo, hali, kiasi, kuthibitisha, ijapokuwa.

Ajabu ni kwamba daraja hili la katikati ndilo lililoachwa yatima. Maneno ya kwanza mtoto huyaokota mwenyewe. Maneno ya tatu mwalimu wa sayansi huyafundisha kwa bidii, kwa kuwa kitabu chenyewe kimeyapiga chapa nzito na kuyaeleza ukurasani. Lakini yale ya katikati hakuna ayajaliye. Mwalimu wa sayansi hudhani kwamba mwalimu wa Kiingereza ameyafundisha, na mwalimu wa Kiingereza, aliyeshughulika na hadithi na sarufi, hudhani yatafundishwa huko yanakotumika. Mtoto hubaki katikati, kama ng'ombe wa wachungaji wawili ambaye kila mmoja hudhani mwenzake amemnywesha maji.

Hasara yake yaweza kupimwa. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyekuwa amefundisha miaka mingi katika Bengal, alitoa orodha ya maneno 2,000 hivi ya Kiingereza yanayotumika zaidi. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichunguza maandishi ya vyuo vikuu yenye maneno yapata milioni 3.5, akapata jamaa 570 za maneno ya kitaaluma yasiyokuwamo katika orodha ya West. Katika maandishi hayo, maneno ya West yalikuwa yapata 76 katika kila 100, na yale ya Coxhead yapata 10. Orodha hiyo ilitungwa kutokana na vitabu vya chuo kikuu, lakini mengi ya maneno yake, kama "process", "factor" na "similar", mtoto huanza kukutana nayo mapema shuleni. Asiyeyajua huwa kama mtu asomaye gazeti lililoliwa na mchwa: kila mstari una tundu lake, naye hulazimika kubahatisha.

Tena yako maneno yenye hatari ya pili, yaani yale ambayo mtoto hudhani anayajua. Neno hilo amelivaa tangu zamani kama shati la nyumbani, kumbe shuleni lina vazi jingine. "Table" ni meza, lakini katika hesabu ni jedwali. "Power" ni nguvu ya mtu au ya serikali, lakini kwa mwalimu wa hesabu ni namba ndogo iandikwayo juu ya namba nyingine. "Product" ni bidhaa ya sokoni, lakini pia ni jibu la kuzidisha. Mtoto akiulizwa "difference" ya 9 na 5, naye akajibu kwamba moja ni kubwa na nyingine ni ndogo, hakusema uongo, wala si mjinga. Amejibu swali la uwanjani, lakini aliyemwuliza alitaka kusikia 4. Mwalimu akimpiga alama ya kosa na kupita, mtoto hujifunza kwamba hesabu ni ngumu, hali hesabu yenyewe aliijua tangu alipokuwa akihesabu mbuzi.

Kadhalika na maneno yanayoamuru katika mtihani. Kutaja si kueleza, na kueleza si kulinganisha. Mwanafunzi aliyeambiwa ataje sababu mbili, akajaza ukurasa mzima, amepoteza wakati wake. Aliyeambiwa alinganishe mito miwili, akaeleza mmoja tu kwa ufasaha, amepoteza alama. Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, uliuliza sayansi, hesabu na masomo ya jamii kwa Kiingereza. Mtihani ule umekwisha, lakini maneno ya kuamuru hayakwisha pamoja nao.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha nyingi, bali yataka utaratibu. Kwanza, mwalimu na achague maneno machache ya somo la juma, yale yatakayorudi tena katika masomo mengine. Maneno manane yaliyoshikwa yapita arobaini yaliyopigiwa kelele. Pili, maana isitolewe kwa kunakili kamusi, kwa kuwa kamusi mara nyingi humweleza mtoto neno gumu kwa maneno mengine magumu. Mwalimu aeleze kwa maneno mepesi, aonyeshe kitu chenyewe au mchoro, na ataje neno la Kiswahili au la lugha ya nyumbani. Tatu, neno lifundishwe pamoja na ndugu zake: ajuaye "produce" aonyeshwe "product", "production" na "productive", maana hao ni watoto wa mama mmoja. Nne, wanafunzi wenyewe walitumie, kwa kinywa na kwa kalamu, kila mmoja akimwambia jirani yake sentensi iliyo ya kweli juu ya shamba lao au mji wao. Kuimba neno pamoja darasa zima huchangamsha sauti tu. Tano, neno lirudiwe kesho, na juma lijalo, na mwezi ujao. Mara moja haitoshi, kama vile mvua ya siku moja isivyokomaza mahindi.

Haya yote yafaa yafanywe na mwalimu wa kila somo. Mwalimu wa hesabu husema, "Hiyo si kazi ya fani yangu." Lakini fundi seremala humfundisha mwanagenzi jina la randa na la patasi, wala hamngojei mwalimu wa lugha aje karakanani. Ni kweli kwamba madarasa mengi yamejaa, na mwalimu ana daftari nyingi za kusahihisha. Lakini dakika tano mwanzoni mwa somo ni nafuu kuliko juma zima la kurudia jambo ambalo halikueleweka.

Wako wanaoogopa kutaja lugha ya nyumbani darasani, wakidhani kwamba humwibia mtoto Kiingereza. Hofu hiyo ni ya zamani. Katika shule nyingi mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kisa cha namna hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Kibao kile kiliwafundisha watoto kunyamaza, na mtoto anyamazaye hajifunzi lugha yo yote. Kule Nigeria, mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Ife kilianza jaribio ambalo watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo. Ilipopimwa, watoto hao hawakuwa nyuma ya wenzao katika Kiingereza, na katika masomo mengine walifanya vizuri zaidi. Sababu yake haikufichika. Aliyekwisha kulielewa jambo kwa lugha yake hubakiwa na kazi ya kujifunza jina jipya tu, lakini asiyelielewa ana kazi mbili.

Na hapa ndipo mkulima asiyejua Kiingereza asijione kuwa hana la kumpa mtoto wake. Baba aliyechimba matuta katika mteremko wa shamba ajua mmomonyoko wa udongo kuliko kitabu. Anapomweleza mtoto kwa nini tuta lafuata ubavu wa kilima, na maji yangefanya nini kama lisingekuwapo, na shamba la jirani lina tofauti gani na lao, amemfundisha sababu, matokeo na ulinganisho, yaani yale yale maneno ya daraja la katikati, ila kwa Kikamba au Kikuyu au Kiluhya. Mtoto huyo akifika darasani na kukutana na jina la Kiingereza, jina hupata mahali pa kukaa. Lakini mtoto ambaye nyumbani husikia amri tu, njoo, nenda, leta, nyamaza, hufika shuleni na ghala tupu, na majina ya kigeni hayapati kitu cha kushika.

Karani naye ana sehemu yake. Yeye alijifunza Kiingereza cha ofisini kwa kusoma barua nyingi na kuziandika tena, mpaka maneno yaliyokuwa mageni yakawa kama kalamu mkononi mwake. Na amfungulie mtoto njia ile ile: wasome pamoja ukurasa mmoja jioni, wapige mstari chini ya neno moja au mawili, waulizane maana, na wayaandike katika daftari ndogo. Asione haya kusema, "Neno hili tulitafute," maana mtoto amwonaye mtu mzima akitafuta hujua kwamba kutojua si aibu.

Mzazi atakapokwenda shuleni, asiulize tu kama mtoto ni wa ngapi. Amwombe mwalimu amwonyeshe maneno ya juma hilo, kisha amwulize mtoto maana yake kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kuyaeleza, karo inafanya kazi. Asipoweza, heri jambo hilo lijulikane mapema, wakati wa kulitengeneza ungalipo, kuliko kujulikana siku ya matokeo. Haba na haba hujaza kibaba, na ghala la maneno halijazwi kwa njia nyingine.