Neno "Crack": Kutoka Mlio hadi Kifungo

Wapo wanaodhani kwamba tanakali za sauti ni maneno ya kitoto, yasiyostahili kujadiliwa na watu wazima. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kinyume chake. Kiswahili kina "pikipiki", neno lililotokana na mlio wa chombo chenyewe na kubaki kuwa jina la chombo hicho. Waingereza wana "crack", nalo limesafiri mbali zaidi.

Kwanza ni sauti: mjeledi unapopigwa hewani, risasi inapofyatuka, kijiti kikavu kinapovunjika. Kisha ni alama inayobaki sauti ikishapita, yaani ufa ukutani au kwenye kikombe. Hutumika pia kwa kufumbua maandishi ya siri, kutoa mzaha, mapambazuko, hata kusifia kikosi cha askari hodari. Waireland waliliandika "craic", na kwao ni gumzo na furaha ya kukaa pamoja. Dola inapowaandama wapinzani wake, magazeti ya Kiingereza huandika "crackdown". Sisi tungesema kamatakamata.

Hata hivyo, maana inayonishughulisha zaidi ilienea Marekani katika miaka ya 1980. Kokeini iliyogeuzwa kuwa vijiwe vya kuvuta iliitwa "crack", kwa mlio wake inapochomwa. Dawa yenyewe ni ileile iliyomo katika kokeini ya unga. Kilichotofautiana ni umbo, namna ya kuitumia na mnunuzi: vijiwe viliuzwa kwa vipande vya bei nafuu katika mitaa ya maskini, mingi ikiwa ya Wamarekani Weusi, ilhali unga ulihusishwa na wenye fedha.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotenganisha vitu hivyo viwili. Aliyekutwa akiuza gramu 5 za vijiwe alikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 5. Muuza unga alifikia adhabu hiyo kwa gramu 500. Uwiano ulikuwa 100 kwa 1, na wengi mno wa waliofungwa kwa vijiwe na mahakama za shirikisho walikuwa Weusi. Mwaka 2010 uwiano ulishushwa hadi 18 kwa 1, wala haukufutwa. Waliohukumiwa kabla ya hapo walisubiri hadi sheria ya mwaka 2018 ndipo wakaweza kuiomba mahakama iwapunguzie adhabu kwa kipimo hicho kipya.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: je, kosa ni la neno au la sheria? Nilimjibu kwamba neno halimfungi mtu. Lakini bila jina la peke yake, ingekuwa vigumu kuushawishi umma kwamba kokeini ya maskini ni kitu kingine kabisa, cha kutisha mara mia zaidi ya kokeini ya tajiri.

Ndugu msomaji, nasi tunayo majina ya namna hiyo. Mtu mmoja akijenga pasipo kibali huitwa "mvamizi". Mwingine, kwa kosa lilelile, huitwa "mwekezaji" ambaye nyaraka zake hazijakamilika. Wa kwanza huvunjiwa, wa pili huongezewa muda. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeandaa notisi, na mwanaharakati anayeipinga, waanze kwa kuliondoa jina, kisha waulize mtu huyu ametenda nini hasa.