Imebainika

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuona mwanafunzi wa fasihi akiandika juu ya bomba la majitaka. Kurasa hizi zimezoea riwaya, ushairi na usanifishaji. Hata hivyo, kisa ninachokusudia kukisimulia kinahusu Kiswahili kuliko kinavyohusu mabomba, na mkosaji ndani yake ni mimi niandikaye.

Mama ana ploti ya vyumba saba vya kupangisha mjini Wote, katika Kaunti ya Makueni. Vyumba vimepangwa safu moja, na vyoo viwili viko mwishoni mwa safu. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za Wote na za mji wa Kitui, majitaka yetu hayaendi kwenye mtandao wowote wa mji. Hupita chini ya ua katika bomba la inchi nne, hadi kwenye tangi lililochimbwa karibu na lango. Tangi likijaa, huitwa lori la kunyonya uchafu, na kila safari ya lori hilo humkosesha Mama usingizi. (Wenzetu wa Tanzania, na baadhi ya watu wa Pwani, huliita shimo la namna hiyo karo. Nilipomweleza Mama hayo alicheka sana, maana kwake karo ni ile iliyomfanya auze ng'ombe wawili ili mimi nisome. Alisema haoni tofauti; yote mawili ni mashimo ya kumwagia pesa.)

Mnamo Agosti 2023 vyoo vilianza kurudisha maji. Tulimwita fundi wa mtaani, akasukuma ufito mrefu ndani ya bomba, ukanasa. Alipouvuta ulitoka na kipande cha kitambaa, cheusi kwa uchafu, kisichojulikana kilikuwa nini kabla ya hapo. Ushahidi wote tuliokuwa nao ulikuwa huo. Lakini chumba cha nne kilikuwa na mama kijana mwenye mtoto mchanga, aliyehamia Juni, na kabla ya jioni ploti nzima ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: nepi. Wapangaji wa siku nyingi walikubali upesi. Nadhani kila mmoja alifarijika kwamba kidole hakikumwelekea yeye.

Mama aliniagiza niandike ilani. "Wewe ndiwe msomi wa Kiswahili," alisema, nami sikukataa. Niliandika kwa makini kuliko nilivyowahi kuandika insha yoyote ya darasani: "Imebainika kwamba vizuizi vilivyomo katika bomba la majitaka vimesababishwa na matumizi yasiyofaa ya choo katika chumba nambari nne. Kwa hivyo, imeamuliwa kwamba chumba hicho kiachwe wazi ifikapo mwisho wa Septemba." Niliisoma kwa sauti, nikapendezwa na mizani yake. Mama akaibandika langoni, ambapo kila aingiaye angeiona.

Sote tumefundishwa kauli za kitenzi. Tunajua kwamba kauli ya kutendeka humwondoa mtenda na kuliacha tendo likijitendea lenyewe. Katika mtihani ningeweza kujaza ukurasa mzima juu ya jambo hilo, kwa mifano. Lakini sikujiuliza, nilipokuwa naandika "imebainika," ni nani aliyebaini, na alibaini kwa jicho gani. Hakuna aliyeona chochote. Lau ningalazimika kuandika "Nimebaini," au hata "Mama amebaini," kalamu ingesita. Kiambishi kimoja kilinipa mahali pa kujificha.

Yule mpangaji alinijia siku iliyofuata akiwa amembeba mtoto mgongoni. "Mwalimu," aliniambia, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nikifundisha kwa muda katika shule moja ya upili, "nepi za mwanangu ni hizi za kufua. Ninazo sita. Ningezitupaje chooni, halafu nimvike nini?" Lilikuwa swali zuri, nami sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba jambo hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Akahama kwenda Kitui, kwa dada yake. Pesa zake za amana Mama alizikata kulipia lori.

Mvua za vuli za mwaka huo zilikuja na El Niño. Ukambani kwa kawaida huomba mvua. Mwaka huo watu waliomba ipungue. Tangi letu, lililonyonywa katikati ya Oktoba, lilikuwa limejaa tena kabla ya wiki tatu kwisha, ilhali chumba cha nne kilikuwa kitupu na kufuli mlangoni. Mama hakusema neno. Mimi pia sikusema. Tulikuwa tumeanza kuelewa, kila mtu kivyake.

Januari 2024, fundi mwingine aliletwa kutoka Kitui. Huyu alikuja na kamera. Kwa ambaye hajaiona, ni kichwa kidogo cha chuma chenye kioo na taa ndogo zinazokizunguka, kikiwa kwenye ncha ya waya mgumu uliozungushwa kwenye gurudumu. Waya husukumwa kwa mkono kupitia kwenye chemba, na picha huonekana kwenye skrini, pamoja na tarakimu zinazohesabu mita. Kwanza alitaka bomba lisukumwe maji ili kamera isione matope tu. Kisha akapiga magoti, nasi tukajikusanya nyuma yake kama watu wanaotazama mpira.

Mita za mwanzo zilikuwa safi. Kwenye mita ya tisa maji yalipanda juu ya kioo na skrini ikawa ya rangi ya chai, kisha, baada ya kama mita moja na nusu, kamera ikaibuka tena. "Hapa pamelala maji," fundi alisema. (Nakiri kwamba hata katika hali ile nilifurahia upatanisho wake wa kisarufi: kiambishi cha mahali kikitawala kitenzi, na maji yakifuata nyuma. Ni mifano ya namna hiyo tunayohangaika kuitunga darasani.) Bomba lilikuwa limebonyea. Lilizikwa juu ya udongo wa kujazia ambao haukushindiliwa, na udongo ulipokaa, bomba likakaa nao. Bomba la inchi nne huhitaji mteremko wa kiasi cha sentimita mbili kwa kila mita ili maji yakimbie na kubeba yaliyomo. Pale hapakuwa na mteremko wowote.

Mita mbili mbele tukaona kiungo kilichoachana, na kutoka kwenye ufa wake mizizi, mingi na myembamba kama ndevu, ikielea ndani ya bomba. Ndani ya ndevu hizo mlikuwa na nywele, mafuta yaliyoganda na vipande vya vitambaa. Kichwa cha kamera kilikuwa na kifaa kinachotoa mawimbi. Msaidizi alitembea uani na kipokezi chake mpaka kikalia, akaweka jiwe. Jiwe lilikuwa hatua nne kutoka kwenye mkuyu ambao Mama aliupanda ili wapangaji wafulie nguo kivulini.

Fundi alitueleza kwamba mizizi haikuvunja kitu. Kiungo kilianza kuvuja, udongo ukawa na unyevu, na katika nchi kavu kama yetu mzizi huendelea kukua pale unapokuta unyevu. Wakati wa mvua, ufa huohuo uliingiza maji ya ardhini na kulijaza tangi. Wakati wa kiangazi kulikuwa na balaa jingine, nalo lilikuwa letu kabisa. Maji tulikuwa tukiyanunua kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni ya punda, na Mama alikuwa ameweka kanuni kwamba kila mtu amwage nusu ndoo tu chooni. Nusu ndoo haikutosha kupitisha kitu kwenye bomba lililobonyea. Mpangaji wa chumba cha nne, kumbe, alikuwa mmoja wa wachache waliotii kanuni hiyo.

Nilimuuliza fundi kama angeweza kujua ni nani aliyetupa vile vitambaa. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jambo la kitoto. "Kamera inaonyesha kilichoko na kiko mita ya ngapi," alijibu. "Mwenyewe haimwonyeshi."

Tulichimba palipowekwa jiwe, tukabadilisha bomba kwa urefu wa mita sita, safari hii juu ya mchanga uliosawazishwa. Mkuyu Mama alikataa usikatwe. Alinyamaza siku mbili, kisha akanipa bahasha yenye pesa za amana na kuniambia, "Nenda wewe. Wewe ndiwe uliyeandika."

Usiku huo niliandika barua nyingine. Ilinichukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza ingawa ilikuwa fupi zaidi. Kila sentensi niliianza na nafsi: nilikushtaki bila kuona, nilikataa kukusikiliza, tulizikata pesa zako. Si nathari nzuri. Nilipitia Machakos, nikafika Kitui saa nane mchana, nikamkuta akiuza mboga mbele ya nyumba ya dada yake. Mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti.

Alizihesabu noti, akazitia kwenye kanga. Kisha akaisoma barua, pole pole, akiurudia mstari mmoja ambao sikuweza kuutambua. Alipomaliza aliikunja.

"Mwalimu," aliniuliza, "ile ya kwanza mliibandika langoni. Na hii nayo mmeibandika?"

Nilikuwa nimeandika nakala moja tu, na ilikuwa mkononi mwake.