Kugusa na kukamata

Mdogo wangu anasomea kompyuta hapa Bukavu. Aliniomba nimtafutie maneno ya Kiswahili kwa programu yake ya uhalisia ulioongezwa: kupitia miwani unaona mpira wa picha tupu juu ya meza halisi, nawe unauendea kwa mkono wako mwenyewe. Ombi hilo limenirudisha kwenye sarufi.

Kamera huufuata mkono kiungo kwa kiungo. Miwani ya HoloLens 2 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2019, hufuata viungo 25 vya kila mkono. Programu nayo hukokotoa fizikia ya mpira: uzito, msuguano, mgongano. Fizikia hiyo inaweza kuusukuma mpira, lakini haiwezi kuuzuia mkono wa mtu. Vidole vikiubana mpira vinapenya ndani yake, na programu, katika kuviachanisha, huurusha mbali. Kwa hiyo mara nyingi watengenezaji huisimamisha fizikia kwa muda. Vidole vikikutana, mpira unafungwa kwenye mkono. Vikiachana, unarudishiwa uzito wake pamoja na mwendo wa mkono.

Basi, programu lazima ijue mguso unageuka kuwa kitu gani, na lini. Kiswahili kina kiambishi cha jambo hilo: -at-. Kufumba ni kufunga; kufumbata ni kufunga kiganja kitu kikabaki humo. Kuambata, kupakata na kukamata pia vina mguso unaodumu. Kugusa hakuna -at-. Ncha ya kidole inatosha.

Nilipendekeza "kamata". Mdogo wangu akasita: "Yaya, Watanzania watafikiri ni polisi na mwizi." Ni kweli. Lakini sokoni Kadutu, muuzaji akikunyooshea mfuko wa maharagwe anasema tu "Kamata", nawe unafungua kiganja. Watakaoijaribu programu kwanza ni watu wa mji huu, na neno lao linaeleza vizuri kile mkono unachofanya. Kwa nini tuliombee ruhusa?

Orodha yetu ina vitenzi vitatu: gusa, kamata, achilia. "Beba" tumeiacha nje, maana mpira wa picha hauulemei mkono. Mama anayepanda Kadutu na gunia mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, angetucheka tungeliweka neno hilo.